Matanga Yameanuliwa, Baba Amebaki Lindoni

Saa kumi na mbili na nusu jioni, ndani ya daladala ya Mbagala Rangi Tatu, simu ya binti wa kidato cha tatu inaita kwa mara ya nne.

"Uko wapi?"

"Shikamoo, baba. Niko kwenye gari, tunapita Mtongani."

"Gari gani? Hebu mpe konda simu niongee naye."

Konda anapokea, anajibu, "Ndiyo mzee, yupo, amekaa dirishani," kisha anarudisha simu. Abiria wanaangua kicheko. Binti anageuzia uso dirishani hadi kituo cha mwisho.

Tuseme mama yake alifariki miezi tisa iliyopita, akiwa amepakiwa kwenye bodaboda kutoka sokoni. Nasema "tuseme" kwa sababu familia hii nimeiunga mwenyewe kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi. Ukimwona shemeji yako humu ndani, au ukajiona wewe, sababu ni hiyo.

Tangu msiba, baba amebadilisha kitasa cha geti na funguo zote anazo yeye. Tuisheni ya jioni imefutwa. Simu ya binti inakaguliwa kila usiku. Rafiki yake wa tangu darasa la kwanza haji tena, maana mara ya mwisho alihojiwa sebuleni kama mtuhumiwa. Na juu ya kabati, chini ya chupa ya chai, kuna barua ya shule: safari ya kutwa kwenda Bagamoyo kuona magofu ya Kaole, mzazi au mlezi aweke sahihi hapa. Ina wiki mbili pale.

Majirani wana maelezo mawili. Wengine wanasema ni ukali tu, ndivyo wanaume walivyo. Wengine wanasema anampenda mno mwanawe. Hakuna kati ya hayo linaloeleza kwa nini mtu huyu huyu, mwaka jana, alimwachia binti alale kwa shangazi yake Tandika wiki nzima bila hata kupiga simu. Ukali hauzaliwi ukubwani kwa usiku mmoja, na mapenzi alikuwa nayo tangu zamani. Jipya ni huzuni, tena huzuni iliyokosa pa kukaa, ikajitafutia kazi ya ulinzi.

Huzuni iliyopewa kazi

Angalia msiba wetu unavyogawa watu. Wanawake wako ndani, juu ya mikeka, wamemzunguka mfiwa. Akilia wanalia naye, akinyamaza wanamnywesha uji. Wanaume wako nje chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, wanazungumza ligi na siasa. Mwanaume aliyefiwa na mke hutafutwa na kila mtu, lakini hutafutwa kwa maswali. Kibali cha mazishi kimetoka? Jeneza limelipiwa? Tunazika hapa au mwili unasafiri? Kamati imefikisha shilingi ngapi? Anasifiwa kwa kujikaza. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa, turubai linarudishwa kwa mwenyewe, na yeye hajapata dakika ya kukaa chini.

Mjane, angalau kwa Waislamu, ana miezi minne na siku kumi za eda. Eda ina sababu zake za kisheria, mojawapo ikiwa kujulikana kama kuna mimba, na sitaki kuigeuza kuwa tiba ya saikolojia. Wapo wajane walioiona nzito. Hata hivyo ina kitu ambacho mwanaume hana, nacho ni tarehe. Mtaa mzima unajua kwamba mwanamke huyu yumo ndani ya huzuni, na unajua siku atakayotoka. Mwanaume hapewi msimu wowote. Arobaini haijafika ameshaulizwa ataoa lini. Kiswahili kina jina la mwanaume aliyefiwa na mke: mgane. Jaribu kulitumia mtaani uone ni wangapi watakuuliza maana yake. Wengi huwaita wote wajane.

Zamani kulikuwa na watani. Wanakuja msibani kumwigiza marehemu, alivyotembea, alivyokuwa anadai deni lake, na mfiwa anajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, mwanaume kwa mwanamke. Waliobuni utani wa msibani walijua kitu kuhusu moyo wa mtu. Mjini watani wanapungua, na hata pale walipo, kazi yao huisha wiki ile ile.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza huzuni kwa namna ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka, maana inafanana na maji kujaa na kupwa. Mfiwa huenda upande wa kumlilia aliyeondoka, kisha hurudi upande wa kupanga maisha yaliyobaki: ada, chakula, nani afue, nani aamke alfajiri. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya polepole. Tatizo huja mtu akikwama upande mmoja. Baba wetu amekwama upande wa kupanga. Kwa kuwa upande huo hauna machozi, watu humwona jasiri, na naye hujiona hivyo. Kazi za msiba zote amezimaliza isipokuwa moja ambayo haina mwisho: kuhakikisha hafi mwingine.

Dhana ya kwamba huzuni ina tarehe ya mwisho iliwahi kumdanganya hata Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi. Mwaka 1917 aliandika kana kwamba moyo humwachia marehemu kidogo kidogo, halafu unakuwa huru. Mwaka 1920 binti yake Sophie akafa kwa homa ya mafua, ana miaka 26. Aprili 1929, katika siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake aliyefiwa na mtoto kwamba pengo la namna hiyo halipati cha kuliziba, na kwamba ndivyo linavyostahili kuwa. Miaka tisa ilikuwa imepita.

Nyoka na ung'ongo

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali inaishia kwenye kushtuka, haisemi anachokifanya baadaye. Baba huyu anazunguka nyumba nzima akiokota kila ung'ongo na kuutupa, mpaka hakuna cha kusukia mkeka.

Na kwa nini haachi, ilhali miezi tisa binti anarudi salama? Hapa ndipo penye fundo. Kila jioni binti anapoingia getini, baba hupata nafuu. Kifua kinashuka. Nafuu hiyo haipi sifa barabara, wala dereva, wala akili ya binti mwenyewe. Inaipa sifa simu aliyompigia konda. Mwanasaikolojia wa Kimarekani, O. H. Mowrer, aliueleza mzunguko huu mwaka 1947: mtu akikwepa anachokiogopa, nafuu anayoipata humfundisha kukwepa tena, na woga wenyewe haupati nafasi ya kujaribiwa. Sisi tuna mfano wa karibu zaidi. Mtu amevaa hirizi mwaka mzima na hajaugua. Utamwambiaje aivue? Ufunguo wa geti umekuwa hirizi, na kila siku ya salama huongeza nguvu zake.

Tusimcheke kwa kuogopa barabara, lakini. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba huondoka na watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka. Hofu yake ina macho. Kasoro ni kwamba inaangalia upande mmoja tu, ule ilikotokea kifo. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba jambo linalokumbukika upesi huonekana kuwa la mara kwa mara. Kwa hiyo aina ya kifo huchora aina ya ulinzi. Aliyempoteza mke kwa ugonjwa uliochelewa kugunduliwa humkimbiza binti zahanati kwa kila kichwa kinachouma. Aliyempoteza mke kwenye uzazi huogopa kitu kigumu zaidi kukitaja: mwili wa binti yake unavyokua. Huyo ataanza kuwafukuza wavulana wote mtaani, na watu watasema ana wivu wa ajabu, kumbe kila akiwatazama anaona wodi ya wazazi.

Kwa mwenye hofu ya barabara utakuta vituko. Amekataa safari ya Bagamoyo kwa basi la shule, mchana, na walimu. Lakini asubuhi akichelewa kazini humpandisha binti bodaboda ya mtu anayemfahamu, mshikaki wa watatu, bila helmeti, kwa sababu "huyu kijana wetu". Ulinzi unaotoka kwenye huzuni haupimi hatari. Unachagua ile inayofanana na ule msiba kwa sura, na hapa, ajabu, hata sura imepotea. Kinachompa amani ni kumjua dereva kwa jina.

Kwa nini binti, kaka yake anazurura?

Nyumbani kuna kijana wa kiume wa miaka kumi na saba. Anarudi saa nne usiku na hakuna anayemuuliza. Jibu la haraka ni mfumo dume, nalo ni la kweli kwa sehemu. Mpaka Novemba 2021, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni, mimba moja ilimaanisha kufukuzwa. Kijana wa kiume hakuwa na tumbo la kumfichua. Baba aliyekulia katika utaratibu huo ana sababu ya kuhesabu kosa la binti kwa bei tofauti na kosa la kijana.

Lakini kuna mawili mengine yanayozungumzwa kidogo. La kwanza, binti amevaa khanga ya mama yake. Anapika kwa mkono ule ule, anaita "karibuni chakula" kwa sauti ile ile. Bila mtu kukaa kikao, kazi za mama zimemwangukia, na nyumba imesimama kwa sababu yake. Akitoka, mama anatoka tena. Baba hawezi kulisema hili, pengine hata halijui.

La pili ndilo zito kuliko yote. Mama alikuwa mdomo na sikio la nyumba. Habari za binti zilimfikia baba kupitia kwake, zikiwa zimechujwa: ameanza hedhi, anasumbuliwa na mwalimu wa hesabu, kuna kijana anamtumia meseji lakini usijali nimeongea naye. Kwa mila nyingi za kwetu baba hakuhitajika kuyajua moja kwa moja. Kulikuwa na shangazi, bibi, somo, kungwi. Mama alipokufa, baba hakupoteza mke tu. Alipoteza njia ya habari. Kuna akina baba siku hizi wanaonunua pedi dukani bila kuangalia chini, na nawavulia kofia. Wetu alimpa binti noti ya elfu tano, akasema, "Ya matumizi yako," akatoka nje kwenda kuangalia tangi la maji.

Asiyejua huchungulia. Kukagua simu, kumhoji rafiki, kuongea na konda: hivi vyote ni jitihada za kupata habari ambazo zamani zilikuja zenyewe. Na hapa utafiti wa mwaka 2000 wa Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliowachunguza vijana wa miaka 14 nchini Sweden, unamgusa moja kwa moja. Waliuliza: wazazi wanaojua mengi kuhusu watoto wao, wanayajua kwa njia gani? Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni kwa kufuatilia. Ikaonekana kwamba kwa sehemu kubwa ni kwa sababu watoto wenyewe waliwasimulia. Maana yake ni kwamba kinga ambayo baba anaihangaikia iko mdomoni mwa binti, na kila upekuzi unaufunga mdomo huo.

Binti naye ni mfiwa, jambo ambalo watu husahau, maana msibani pole nyingi hupewa wakubwa. Huzuni ya umri wake huja kwa vipande: analia saa moja, saa ya pili anacheka na wenzake video ya kwenye simu. Baba akimsikia akicheka huumia. "Mama yako hata mwaka hana." Hajui kwamba kwa wenzake ndiko anakopumzikia. Kisha binti huanza kusema uongo mdogo mdogo. Anasema yuko maktaba, yuko kwa rafiki. Ukimuuliza kwa utulivu atakwambia: sitaki baba apande presha. Anamlinda yule anayemlinda. Siku uongo ukigundulika, kitasa kinaongezwa.

Mstari uko wapi, basi? Mzazi kutaka kujua mtoto yuko wapi na atarudi saa ngapi ni wajibu wake, na msichana wa miaka kumi na tano ana haki ya kuwekewa saa. Mtafiti Brian Barber, mwaka 1996, alitenganisha kusimamia mienendo na kushika moyo wa mtoto kwa hatia. Hili la pili ndilo linaloandamana na sonona na wasiwasi kwa vijana. Kwa Kiswahili cha nyumbani tofauti inasikika wazi. "Saa kumi na mbili uwe umefika" ni sheria. "Unataka na mimi nife kama mama yako?" ni mzigo, na mtoto ataubeba hadi ndoani.

Yakobo na magunia matupu

Kisa cha zamani kabisa cha baba wa namna hii wanakijua Waislamu na Wakristo. Nabii Yakobo alimpoteza Yusufu, akaletewa kanzu yenye damu. Wanawe waliobaki walipotaka kumchukua Benyamini, mdogo wao, kwenda Misri kutafuta nafaka, alikataa. Kwa masimulizi ya Biblia, Raheli, mama wa watoto hao wawili, alifariki akimzaa Benyamini. Huyo mtoto ndiye kitu cha mwisho alichobakiwa nacho kutoka kwa mkewe. Hakuna aliyemwita Yakobo mkali.

Kinachonivutia ni jinsi alivyokubali. Hofu yake haikuisha. Nafaka ndiyo iliyoisha. Na hata hivyo hakukubali kwa maneno ya jumla. Reubeni alijaribu kumshawishi kwa ahadi kubwa ya kutisha, akashindwa. Yuda akasema: mimi nitakuwa dhamana yake, mdai mkononi mwangu. Katika Qurani baba anachukua kiapo kwao, anawaambia waingie kwa milango mbalimbali, na papo hapo anakiri kwamba tahadhari hiyo haiwezi kuzuia alilolipanga Mungu. Dhamana yenye jina, masharti machache yanayotekelezeka, na kukiri kwamba masharti yana mpaka. Washauri wa leo hufika karibu na hapo hapo: hofu hupungua kwa kuachiwa hatua moja moja, kila hatua ikiwa imepangwa, na mtu akiiona hatua hiyo ikipita bila kuishika kwa mkono.

Wapo wasiofika hata hapo kwa mazungumzo ya nyumbani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inatambua huzuni iliyorefuka: mawazo ya marehemu yasiyokatika na maumivu makali, kwa miezi sita au zaidi, kupita kile ambacho dini na mila ya mhusika hukitarajia, mpaka maisha yanakwama. Huyo ni wa hospitali ya rufaa, na aende bila kuogopa jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Na kama ulinzi umefikia kumzuia binti asiende shule, au kipigo, hilo ni la ofisi ya ustawi wa jamii. Simu ya watoto 116 ni ya bure Tanzania na Kenya.

Wetu hajafika huko. Kilichomsogeza ni dada yake, yule shangazi wa Tandika, aliyekuja Jumapili na kukaa mkekani bila kutaja Bagamoyo kwa saa nzima. Alitoa picha za harusi. Walicheka jinsi marehemu alivyogombana na mpiga picha. Halafu baba akalia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, na dada mtu hakumwambia ajikaze.

"Mdogo wangu," akasema baadaye, "ukimtoa nitakwenda naye mimi hadi shuleni asubuhi, na jioni nitamsubiri. Mdai kwangu."

Baba akaweka masharti: namba ya mwalimu, basi lisirudi usiku, bodaboda hakuna tena hata asubuhi, na simu tatu, Bunju, Bagamoyo na wakati wa kuondoka. Binti akasikia, akasema, "Sawa, baba. Lakini usimpigie konda." Baba akatia sahihi. Pale palipoandikwa mzazi au mlezi aliandika namba mbili za simu, yake na ya dada yake.

Siku ya safari aliamka saa kumi usiku. Alifagia uwanja, akafagia tena. Saa moja na nusu alishika simu, akairudisha mezani. Saa mbili kasoro dakika kumi ikaita.

"Shikamoo, baba. Tumefika Bunju."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango. "Marahaba, mama. Umekunywa chai?"